Felicia Abban wa Accra: mwanamke aliyeipa studio jina lake mwenyewe (uzi mrefu)

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha tangu Januari 2024, wiki niliyosoma kwamba Felicia Abban, anayeitwa mwanamke wa kwanza kuwa mpiga picha Ghana, amefariki dunia. Nilitaka kuandika siku ile ile nikashindwa, kwa sababu kila nikianza najikuta namwandika shangazi yangu wa Tanga badala yake. Leo nimeamua kuwaandika wote wawili, mtanivumilia. Wenye haraka wekeni alama mrudi baadaye.

Nianze na jina la studio, maana ndilo lililonivuta. Iliitwa Mrs. Felicia Abban's Day and Night Quality Art Studio. Lisome taratibu. Kwetu lingekuwa Studio ya Bi. Felicia Abban ya Picha za Sanaa na Ubora, Mchana na Usiku. Mteja anayepita barabarani kishaambiwa kila kitu: mwenye kazi ni mwanamke, tena mke wa mtu mwenye heshima zake, taa zipo, huna haja ya kusubiri jua, na hapa picha haiparazwi.

Studio ilikuwa katikati ya jiji la Accra, upande wa Jamestown, mtaa wa zamani wa pwani. Majirani zake katika kazi walikuwa wanaume. Deo Gratias ya J. K. Bruce-Vanderpuije ilikuwapo tangu 1922. James Barnor naye alikuwa na Ever Young yake. Mmoja aliita studio kwa shukrani kwa Mungu, mwingine kwa ahadi ya ujana usiokwisha. Ni majina mazuri, sina neno. Lakini Abban angeweza kufanya vivyo hivyo, akajificha nyuma ya jina la baraka ili mteja asijue mapema kwamba anakwenda kupigwa picha na mwanamke. Hakujificha.

Sasa maisha yake. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1930 huko Sekondi-Takoradi, magharibi mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast, mtoto wa kwanza kati ya sita. Mtu wa Tanga ataielewa Sekondi-Takoradi bila kuchorewa ramani: bandari na reli. Reli ilianzia Sekondi kwenda migodi ya dhahabu na Kumasi mwanzoni mwa karne iliyopita, na bandari ya Takoradi ikafunguliwa 1928. Mji wa namna hiyo una mabaharia, makarani, watu wa reli, watu wa kuja na kuondoka, na watu wa kuja na kuondoka ndio wanaopiga picha. Wanataka ya kumtumia mama nyumbani aone mwanawe kanenepa. Wanataka ya kumtumia mchumba.

Baba yake, J. E. Ansah, alikuwa mpiga picha. Felicia akaingia kazini kwake akiwa na miaka 14, mwanafunzi kama wanafunzi wengine wa ufundi, akakaa miaka minne. Kwa wale ambao hawakuwahi kuona kazi ya kamera za mkanda: miaka minne si mingi. Unajifunza kupima dawa na kujua joto la maji kwa kidole. Unajifunza kutembea kwenye chumba cha giza bila kugonga kitu. Unajifunza kumweka mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya kamera, anayebana pumzi na kukaza shingo kana kwamba anasubiri sindano, mpaka mabega yashuke. Hilo la mwisho halina dawa wala kipimo.

Akiwa na miaka 18 akaolewa na Robert Abban, akahamia Accra, na humo ndani ya miaka ya 1950, kabla ya uhuru, akafungua studio yake. Huyo Robert naye si wa kupita hivi hivi. Alikuwa mchoraji wa nakshi za vitambaa, na ndiye aliyebuni kile kitambaa cha maua chenye sura ya Kwame Nkrumah, aliyeiongoza Ghana kwenye uhuru. Sisi tuliokulia kwenye kanga zenye sura ya Mwalimu tunajua kitambaa cha namna hiyo kinakaa wapi: kwenye sanduku la mama, hakivaliwi ovyo. Basi jaribuni kuiona nyumba hiyo. Mume anaweka uso wa kiongozi kwenye nguo za watu, mke anaweka nyuso za watu kwenye karatasi.

Naendelea hapo chini, msiniwahi.

#2 · Mleta uzi, sehemu ya pili

Niwaeleze shangazi kwanza, ndipo mtaona kwa nini Abban alinikaa moyoni.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifanya kazi kwenye studio moja pale Tanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka picha za rangi zilipoingia zikaifuta kazi yake. Kazi ilikuwa kusafisha nyuso. Alikaa dirishani na kimeza chenye kioo, na chini yake kioo cha kujitazamia kilicholazwa ili kirudishe mwanga juu. Negativu, yaani ule mkanda uliopigwa kabla haujachapwa kuwa picha, anailaza juu ya kioo, anaipaka dawa yenye kunata kidogo ili penseli ishike, halafu anachukua penseli aliyoinoa kwa msasa hadi ncha imekuwa ndefu kama mwiba wa mdimu.

Kwenye negativu kila kitu kimegeuka. Cheusi ni cheupe, cheupe ni cheusi. Mkunjo ulio chini ya jicho, ambao usoni ni mstari wa giza, hapa unaonekana kama ufa unaopitisha mwanga. Shangazi anaujaza ule ufa kwa nukta za penseli, nukta moja baada ya nyingine, hachori mstari kwa sababu mstari utaonekana. Picha ikichapwa, mkunjo umelala. Uso mmoja ulimchukua karibu nusu saa, wa bibi harusi zaidi. Nikiwa mdogo nilikaa miguuni pake nikiokota vumbi la penseli kwa kidole. Aliniambia, "Uso wa mtu usiumalize. Mwachie mwenyewe kitu." Akizidisha nukta mtu anatoka laini kama yai, na mama yake mzazi hamtambui.

Miaka yote aliyokaa pale hakuruhusiwa kusimama nyuma ya kamera mteja akiwepo. Mwenye studio alisema wateja hawatakuwa na imani. Nyuma ya kila picha kulikuwa na mhuri wa buluu wa studio, jina la mwenye nayo na sanduku la posta. Nyuso nyingi za mji ule zilipita chini ya penseli ya shangazi yangu na jina lake haliko popote.

Ndiyo maana nilipokutana na jina la studio ya Bi. Abban nilinyamaza kwa muda.

#3 · Mleta uzi, sehemu ya tatu

Sasa kitu kilichomfanya Abban ajulikane duniani, na ambacho mimi nakipenda kuliko vyote.

Alikuwa na desturi. Kabla ya kwenda kwenye hafla au sherehe ya jioni, akishavaa na kujipamba, alijipiga picha ndani ya studio yake. Alifanya hivyo tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970. Kwenye baadhi ya picha amevaa gauni la mshono wa Kizungu, kwenye nyingine nguo ya kitambaa cha kwao na kilemba. Ukizipanga pamoja unaiona Ghana ikitoka kwenye ukoloni na kuingia kwenye uhuru, kwa mavazi ya mwanamke mmoja. Picha hizo zilikuwa pia tangazo la biashara. Mteja anazitazama anasema, na mimi nipige hivi.

Leo tunanyoosha mkono na simu, mara kumi kwa dakika. Naomba mjue kujipiga kwa kamera ya studio ya wakati ule ilikuwa kazi ya namna gani. Huwezi kuwa nyuma ya kamera na mbele yake kwa wakati mmoja. Wapiga picha walioniambia wanavyofanya wanasema hivi: unaweka kiti pale utakaposimama, unarekebisha lenzi mpaka kile kiti kionekane sawasawa, unachora alama ya chaki sakafuni. Taa unazielekeza mahali ambapo uso wako haupo bado. Unaondoa kiti, unakwenda kusimama kwenye chaki, na unabonyeza kwa waya mrefu au unamwachia mwanafunzi abonyeze. Ukisogea hatua moja uso umeingia ukungu. Na hujui umepata nini mpaka usafishe mkanda, na kwa wakati huo sherehe imekwisha.

Mtu anayefanya hivyo mara moja, sawa, ni majaribio. Anayefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini anajua anachokitafuta. Mimi naamini alikuwa anashika daftari la nafsi yake, kwa kifaa alichokijua kuliko kalamu.

Kuhusu Nkrumah nitapita haraka, maana mambo yake mnayajua. Ghana ilipata uhuru 6 Machi 1957, ikawa jamhuri 1 Julai 1960. Abban alifanya kazi na Guinea Press Limited, kampuni ya uchapishaji ya CPP, chama cha Nkrumah, waliokuwa wakitoa magazeti ya Evening News na Ghanaian Times, na katika miaka ya 1960 alikuwa mpiga picha wa Nkrumah kwa miaka kadhaa. Halafu ikaja 24 Februari 1966. Nkrumah akiwa safarini kuelekea Hanoi, jeshi na polisi wakampindua, na sanamu yake pale Accra ikaangushwa chini.

Studio ya Bi. Abban ilibaki. Watu hawaachi kuoa kwa sababu serikali imeanguka. Mtoto akizaliwa anapigwa picha, kijana akimaliza shule anapigwa picha, marehemu akizikwa familia inataka picha yake ikuzwe iwekwe kwenye fremu. Aliendelea kupiga, akafundisha na wanawake wengine kazi hiyo, mpaka uzee ulipomstaafisha.

Nje ya Ghana jina lake lilikuja kuvuma kwa kuchelewa sana. Mwaka 2017 Nana Oforiatta Ayim, mwanahistoria wa sanaa, alizionyesha picha zake Accra kupitia taasisi ya ANO, na likatolewa wazo la kuigeuza studio yake kuwa makumbusho. Mwaka 2019 Ghana ilishiriki kwa mara ya kwanza yenyewe kama nchi kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Banda lao lilibuniwa na David Adjaye: vyumba vya duara vyenye kuta zilizokandikwa kwa udongo mwekundu uliosafirishwa kutoka Ghana, kwa mfano wa nyumba za udongo za Wagurunsi, watu wa kaskazini mwa Ghana. Mle ndani walikuwamo wasanii El Anatsui, Ibrahim Mahama, Lynette Yiadom-Boakye, John Akomfrah, Selasi Awusi Sosu, na Felicia Abban, bibi wa zaidi ya miaka 80. Picha alizojipiga akijiandaa kwenda kwenye sherehe za Accra zikatundikwa kwenye ukuta wa udongo wa kwao, ndani ya Italia.

Nimefika hapo. Karibuni.

#4 · Mdau, Dodoma

Asante sana mkuu, nimesoma mwanzo mwisho. Swali langu: anaitwa wa kwanza kwa maana gani? Maana wake na mabinti wa wapiga picha wamekuwepo siku zote.

#5 · Mleta uzi

Swali la maana, na umejijibu nusu. Anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza Ghana kuifanya kazi hii kuwa taaluma yake, kwa studio yake na jina lake. Mikono ya wanawake kwenye studio za waume na baba zao ilikuwepo kila nchi. Hata Ulaya ndivyo ilivyoanza. Pale Leipzig, Ujerumani, Bertha Wehnert-Beckmann alifungua studio na mumewe mwaka 1843, wakati picha bado zinapigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mume akafariki 1847. Yeye hakufunga. Akaendesha peke yake, akavuka bahari kwenda kufanya kazi New York kuanzia 1849, akarudi 1851 na kuendelea. Ukisoma habari za hawa mabibi wa mwanzo utakuta karibu kila mmoja ameingia kwa mlango wa mwanamume: baba, mume, kaka. Tofauti inaonekana baada ya kuingia.

#6 · Mdau

Samahani dada, nitasema kitu ambacho hakitapendwa. Baba mpiga picha, mume mbunifu, kisha rais. Huyu si alibebwa? Kuna wangapi walikuwa hodari kuliko yeye lakini hawakuwa na mtu?

#7 · Mleta uzi

Kaka, hakuna ubaya kuuliza. Baba alimpa ufundi, sikatai, na bila ufundi ule asingefika. Lakini alikuwa na miaka 14 kwenye chumba cha giza, si kwenye kiti cha bosi. Accra alipofungua mlango, wateja waliokuwa wanapita Jamestown walikuwa na uhuru wa kuingia Deo Gratias au kwingine. Hakuna rais anayeweza kumlazimisha mama mwenye mtoto mchanga aingie studio fulani kila mwaka kwa miongo kadhaa. Wanaingia kwa sababu picha ya mwaka jana ilitoka vizuri.

Hilo la pili nakubaliana nawe kabisa. Walikuwepo wengi wasio na mtu. Nimemleta mmoja kwenye huu uzi.

#8 · Mdau, Mombasa

Shukran sana dadangu kwa huu uzi. Nataka kuongeza la kwetu. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kupigwa picha studio mpaka kufa kwake, na sababu ilikuwa moja tu, mpiga picha ni mwanamume, atamwambia ainue kidevu, atamsogeza mtandio. Babu alisema haiwezekani na bibi mwenyewe hakutaka. Tuna picha za babu tisa. Bibi hata moja hatuna, na sisi wajukuu tunabishana hata sura yake ilikuwaje, huyu anasema alikuwa na kidoti shavuni, huyu anasema hapana. Lau angelikuwako mwanamke mwenye kamera pale Mji wa Kale, naapa angelikwenda.

#9 · Mdau, Muscat

Mdau wa Mombasa umenigusa. Mtafuteni Karimeh Abbud wa Palestina. Alizaliwa 1893, baba yake mchungaji wa Kilutheri, akapewa kamera mwaka 1913. Alifanya kazi Nazareth, Haifa na miji mingine kule, na jambo lililompa wateja ni hilo hilo: nyumba ambazo hazikubali mwanamume asiye wa ukoo kuwatazama wanawake wao zilimfungulia mlango yeye. Alikuwa anakwenda majumbani, wanawake wanakaa kwenye viti vyao wenyewe, na watoto wao, wametulia. Na dada mleta uzi, kwa ile habari yako ya mhuri: Karimeh alipiga mhuri wake nyuma ya picha, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, jina lake na kwamba yeye ni mpiga picha mwanamke. Alifariki 1940.

#10 · Mleta uzi

Ndugu wa Muscat, asante mno. Nimesoma mara mbili pale kwenye mhuri. Na wewe wa Mombasa, pole sana kwa bibi. Andikeni hicho kidoti mahali, hata kama mnabishana. Andikeni nani anasema kipo na nani anasema hakipo.

#11 · Mdau, Unguja

Assalaam aleikum. Sisi tunayo Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, yeye ndiye aliyepiga mpaka masultani. Mama yangu alipigwa pale siku ya kuvishwa pete, picha ipo, nzuri ajabu. Lakini baada ya kusoma hapa nimeitoa kwenye fremu nikaigeuza nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mhuri upo. Sasa najiuliza nani alimtengeneza mama kilemba kile, maana ushungi umekaa sawa mno, na mama mwenyewe anasema kulikuwa na mwanamke mle ndani alimshika bega akamwambia "geuka kidogo mwanangu". Jina hakumbuki.

#12 · Mdau, mpiga picha, Mwanza

Mimi nipo kwenye kazi hii mwaka wa 19. Niseme la ufundi kidogo, kwa sababu watu wanaona picha za akina Abban wanadhani ni mavazi tu. Tazameni ngozi. Mikanda ya zamani sana haikuwa inaiona rangi nyekundu, na ngozi zetu zina wekundu mwingi ndani yake, kwa hiyo mtu alitoka mweusi kuliko alivyo, macho na meno tu. Mikanda ya baadaye ilirekebisha hilo, lakini taa ikiwekwa vibaya bado uso unakuwa kibao kimoja kisicho na umbo. Mpiga picha mzuri wa Kiafrika hamwagi mwanga usoni. Anauleta kutoka pembeni, uteleze, halafu ngozi yenyewe inang'aa kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na begani. Mafuta aliyojipaka mteja yanakuwa sehemu ya taa. Wenye macho ya juu juu wataona kung'aa, mimi naona mtu aliyesogeza stendi ya taa mara tano.

Na kujipiga mwenyewe kwa ustadi huo? Huwezi kujiona. Unaijua ngozi yako kwa kukariri.

#13 · Mleta uzi

Kaka wa Mwanza, "kwa kukariri." Hilo nilikuwa nalitafuta tangu mwanzo sikulipata.

#14 · Mdau, Bujumbura

Nasoma kutoka Bujumbura, nimefurahi sana. Naomba kuuliza, shangazi yako alipiga picha hata moja? Umesema hakuruhusiwa wateja wakiwepo. Na wasipokuwepo?

#15 · Mleta uzi

Nilijua mtu ataniuliza. Nilitaka nisiliseme, lakini kwa wema mlionionyesha humu nitalisema.

Shangazi alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tulipokuwa tunagawa vitu vyake mimi niliomba kikopo chake cha penseli, basi, wengine walichukua vyombo na vitenge. Ni kikopo cha bati kilichokuwa cha kahawa. Ndani mlikuwa na penseli tano zimebaki vipande, msasa uliochakaa hadi umekuwa laini kama nguo, na chini kabisa picha moja ndogo, ukubwa wa kiganja, kingo zake zimekatwa kwa ule mkasi wa mawimbi.

Ni yeye. Amesimama mbele ya lile pazia la studio lenye mnazi uliochorwa, ambalo nimeliona kwenye picha za watu wengi wa Tanga. Amevaa gauni la mikono mifupi na mkanda kiunoni, kilemba kimefungwa kwa juu. Mkono mmoja uko kiunoni. Mwingine umeshuka ubavuni na kidole gumba kimebana kitu, na ukiangalia kwa makini unaona waya mwembamba unatoka mkononi, unashuka kwenye gauni, unapita sakafuni na kupotea chini ya ukingo wa picha, upande ilipo kamera. Uso haukuguswa. Nimeukagua kwa kioo cha kukuzia, hakuna nukta hata moja. Mkunjo wa chini ya jicho upo pale pale, na kovu la ndui kwenye kidevu.

Nyuma hakuna mhuri wa buluu. Kuna maandishi ya penseli iliyochongwa ile ile ya mwiba, herufi ndogo sana: Idd Pili, studio imefungwa, nimejipiga mwenyewe.